Mbwa Aliyesifiwa kwa Kunyamaza

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, maana jambo hili nalieleza taratibu na sitaki likupite. Mimi ni fundi wa viti. Nashona na kujaza upya viti vya magari na makochi hapa Jabe, hatua chache kutoka sokoni, na kwa miaka mingi nimefundisha wengine kazi hii, kwa hiyo nimezoea kueleza kitu kimoja mara tatu bila kukasirika. Leo nakueleza jinsi mbwa anavyoweza kushikwa na huzuni mpaka akakataa kuishi, na jinsi ya kumrudisha. Nitatumia mbwa mmoja tu, kwa sababu sijamjua mwingine kwa karibu. Na huyo mmoja nilikaribia kumpoteza kwa usafi wangu.

Alikuwa mbwa wa binti yangu. Binti alipanga vyumba viwili kule Kinanira mlimani, nyumba yenye ua mdogo na lango la bati, na kwa kuwa aliishi peke yake huku mume wake ametangulia Canada, akatafuta mbwa wa kumlinda. Sisi ni Waislamu wa zamani wa mji huu. Mbwa wa ulinzi dini haimkatazi, lakini mate yake ni najisi, na mazoea ya nyumba zetu ni kukaa naye mbali kabisa. Nikamwambia binti sawa, mfuge, ila ukija kutusalimu umwache huko huko. Alikuwa jike, rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limesimama na lingine limelala kama mtu aliyesikia nusu ya habari.

Karatasi za binti zilipotoka, alikuja Jabe na yule mbwa kwenye kamba. Mkononi binti alikuwa na bakuli la bati na kitenge chake cha zamani, cha majani ya kijani, alichokuwa akijifunga nyumbani akipika. Akakaa kwenye kochi nililokuwa nalishona, akaanza kunieleza.

"Baba, asubuhi namutembeza. Tunashuka mpaka Kibenga, ku ziwa, halafu tunarudi kabla sijaenda kazi. Kila siku. Anakula saa moja ya asubuhi na saa kumi na mbili ya jioni. Akilala, anaweka kichwa ku hii kitenge. Usimunyime."

"Sawa."

"Na anapenda kukunwa hapa, nyuma ya sikio."

"Hilo sikio litakunwa na nani?" nikamuuliza, na mama yake akacheka kutoka jikoni.

"Ni miezi mitatu tu, Baba. Nikipata nyumba namuchukua."

Nilimsikiliza jinsi mzazi anavyomsikiliza mtoto anayeondoka. Nilikuwa namtazama mdomo, paji la uso, namna anavyokunja vidole akieleza. Maneno yenyewe yalipita. Siku ya pili tukampeleka uwanja wa ndege, na tuliporudi nyumba ilikuwa kubwa kuliko tulivyoiacha.

Mbwa tulimpa nafasi yake karibu na lango, chini ya ukingo wa bati ambapo mvua haifiki. Ndoo yake peke yake, bakuli lake peke yake. Hakuna aliyemgusa. Siku tatu za kwanza alisimama langoni na kubweka kila gari lililopita, kisha akawa anarudi kwenye kitenge, anakizungusha kwa pua, analala.

Siku ya nne mke wangu aliniita uani. Kile kitenge kilikuwa kimebebwa na mbwa mpaka chini ya kamba ya nguo, na juu yake zilikuwa zinaning'inia kanzu yangu na mtandio wake wa kuswalia. Kilikuwa kimelowa mate toka pindo hadi pindo.

"Baba Watoto, hapa tutaswali na nini?" akasema.

Nikafanya nilivyofundishwa tangu utoto, na nikafanya kwa mikono ya fundi, maana kitambaa nakijua. Nikachota udongo safi, nikauchanganya na maji, nikakifikicha kitenge kwa udongo mara ya kwanza. Kisha nikakisuuza mara sita kwa maji safi, nikibadilisha maji kila mara. Nikakianika juani mchana kutwa. Jioni kilikuwa kikavu, kimenyooka, kinanukia jua. Nikakikunja vizuri na kukiweka mahali pa mbwa, na moyoni nikasema binti yangu angeniona angefurahi.

Mbwa akaja. Akakinusa kitenge kutoka ncha moja mpaka nyingine, polepole, kama anayesoma barua. Akarudia. Kisha akaondoka, akaenda kulala kwenye sementi, uso kwenye lango. Nikafikiri anaona haya kuchafua kitu kisafi. Ndiyo, hilo ndilo nililofikiri, na sikuficha; nilimwambia mke wangu na yeye akakubali.

Tangu siku ile hakubweka tena.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mbwa mgonjwa wa tumbo anatapika, unamwona. Mbwa aliyevunjika mguu anachechemea. Huyu wa huzuni anapunguza tu. Anapunguza kelele, anapunguza kutembea, anapunguza kukutazama, na wewe ukiwa na kazi zako unaona mambo yametulia. Mtaani kwetu walifurahi. Jirani wa ukuta mmoja, mzee anayetengeneza redio, alikuja kunipongeza.

"Mbwa yenu iko na adabu. Mi nilifikiri tutakosa usingizi."

"Amelelewa na mutoto wetu," mke wangu akajibu, na uso wake ukawaka.

Tuliyapokea maneno yale kama sifa za binti. Kila aliyesema mbwa ametulia, tulisikia binti anasifiwa, na ilitufaa kusikia anatajwa. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Bakuli lilikuwa tupu kila asubuhi, basi ni nani angeuliza?

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja Mkongomani, mtu wa Uvira, anayeuza ndagala sokoni. Wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu ndio tunawaita ndagala. Alileta kiti chake cha kukalia gengeni, sponji imelika. Alipita langoni, akasimama, akamtazama mbwa muda mrefu kabla ya kunisalimu.

"Papa, hii imbwa ilianza lini kulala vile?"

"Vile namna gani?"

"Vile. Macho wazi, na haiangalie kitu."

"Iko na adabu tu."

Akanitazama kama ninavyotazama mtu aliyeshona kiti upande wa ndani nje. "Mi ni mugeni. Niko na harufu ya ndagala mu mikono, mu nguo, mu nywele. Napita hapa hata kichwa haiinue. Papa, hiyo adabu uliona wapi? Hii imbwa iko mu matanga."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole bila kugusa: mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya ukucha, ulikuwa umelambwa mpaka manyoya yameisha na ngozi inatoa maji. Akanionyesha mbavu. Mbavu zile nilizipita mara kumi kila siku.

"Inakula?"

"Bakuli linaisha."

"Nimeuliza kama inakula."

Jioni ile nikaweka kigoda changu ambapo ningeliona bakuli, nikaendelea kushona mkononi. Mke wangu akaweka bugali na maharagwe. Mbwa hakusogea. Baada ya muda paka wawili wa sokoni wakashuka ukutani, wakala kila kitu, wakajilamba, wakaondoka kwa njia waliyokuja. Mbwa aliwatazama tu. Nikamwita mke wangu aje aone. Kwa muda wote ule tulikuwa tunalisha paka, mbwa akipata makombo.

Kesho yake nikamrudishia yule mama kiti chake na nikamuuliza amejuaje.

"Yangu ilibaki Uvira," akasema, huku anakandamiza sponji kwa kiganja. "Tulikimbia asubuhi, mi nabeba watoto na masufuria. Yeye akatufuata mpaka ku barabara. Nikamutupia jiwe arudi."

"Alirudi?"

"Alikaa chini. Ni mi sikurudi." Akakikalia kiti, akajaribu kuegemea. "Jirani wenye walibaki wananipigia simu. Ilikaa pale ku barabara. Walisema haikule. Basi. Hii kiti imekuwa nguvu, papa, aksanti."

Wakati huo tulifanya kosa la pili, na nakuomba usilifanye. Tuliona dawa ya kumkosa mtu ni sauti yake. Binti alipopiga simu ya video, mke wangu akaipeleka simu mpaka kwa mbwa. Binti akamwita kwa jina lake la kubembeleza. Yule mbwa akasimama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akazunguka simu, akanusa nyuma yake. Akakimbia langoni, akakwaruza bati, akarudi kwenye simu, akarudi langoni, na akatoa sauti ambayo sikuijua kuwa mbwa wanayo, nyembamba, ndefu. Mke wangu akaifunika simu na kanga. Mbwa akaanguka mahali alipokuwa, na hakuyagusa hata maji mpaka asubuhi.

Binti alikuwa ameona kila kitu.

"Baba," akasema nilipoichukua simu ndani, "amekonda hivyo? Na mama ananiambia iko muzuri?"

"Mama yako hakutaka ulie."

"Kitenge yangu iko wapi? Halali ku kitenge?"

"Kipo. Nilikiosha vizuri."

"Uliosha na nini?"

"Udongo. Mara saba."

Nilimwona anaangalia pembeni, anapangusa uso kwa mkono wa sweta. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea kwa dini na kwa kanzu yangu iliyokuwa kambani. Akasema tu, polepole, "Ile ndiyo alikuwa amebaki nayo, Baba."

Pale ndipo nilipoelewa. Mbwa anamjua mtu kwa pua kuliko kwa macho. Binti alikuwa ameondoka kwa ndege, lakini kwa mbwa alikuwa bado yupo ndani ya kile kitambaa, jasho lake, mafuta yake ya kupaka, moshi wa jiko lake la Kinanira. Mimi ndiye niliyemwondoa kwa mikono yangu, nikibadilisha maji kila mara ili asibaki hata kidogo.

Nilimuuliza mke wangu kama kuna nguo ya binti isiyofuliwa. Akainama. Kisha akafungua kabati na kuniletea karibu na uso wangu, bila kuiachia, foronya ya mto ambao binti aliulalia usiku wake wa mwisho kwetu. Ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, mdomo umefungwa. Sikuwa najua.

"Hii ni yangu," akasema.

Akaurudisha mfuko kabatini. Sikumwomba tena, na mpaka leo sijamlaumu. Ila niliondoka chumbani nikijua kwamba katika nyumba ile mbwa hakuwa peke yake, na kwamba yeye angalau hakuwa akidanganya mtu kwenye simu.

Nikaamua kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Kumbuka hatua hii, ni ya kwanza kabla ya nyingine zote: usiseme ni huzuni mpaka mwili umepimwa. Mafuta ya gari yalikuwa shida mjini siku zile, teksi chache, na hata zile chache zilipoona mbwa zilifunga vioo. Tukaenda kwa miguu, mimi na kofia yangu, yeye kwenye kamba, tukipumzika kila penye kivuli. Makanika wa kona yetu hawakutuacha.

"Mzee, ni we unapeleka mbwa ao ni mbwa inakupeleka we?"

"Anatafuta msikiti," mwingine akadakia, "muache, anajua njia."

Niliwapungia mkono. Kwa miaka arobaini nimewashonea viti baba zao, wana haki ya kunitania.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mikono mipana, aliyezoea ng'ombe. Akamfungua mbwa mdomo, akatazama ufizi na meno. Akamtazama masikio kwa tochi, akambonyeza tumbo, akampima homa, akatafuta kupe kati ya vidole, akachukua damu kidogo na kuiangalia. Akasafisha kidonda cha mguu. Muda wote mbwa alikaa kama mzigo.

"Muze, mwili hauna kitu," akasema. "Hana homa, hana mdudu wa kupe. Ni kichwa. Ni nani aliondoka nyumbani?"

"Binti yangu."

"Na alipokuwa naye, siku yake ilikuwa inaendaje? Asubuhi anafanya nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na yakanirudia maneno niliyoyaacha yapite siku ile kwenye kochi. Asubuhi tunashuka mpaka Kibenga, ku ziwa. Kila siku. Nikamwambia.

"Na sasa anatoka saa ngapi?"

"Hatoki."

"Anakula saa ngapi?"

"Mama akimaliza jikoni."

"Nani anamugusa?"

Hapo niliinamia kamba ya mbwa. Yeye aliona kofia yangu na akaelewa, hakunisukuma. Alinieleza mambo machache na nakupa kama alivyonipa. Mrudishieni siku yake, saa zile zile, mtu yule yule. Chakula kidogo, cha vuguvugu, chenye harufu; kikae robo saa, kisha kiondoeni bila maneno, msimlazimishe. Msimsikilizishe ile sauti kwenye simu kwa sasa. Msimgombeze kwa kulala, wala msimbembeleze tu wakati amelala. Mfurahieni zaidi anapoinuka, hata akiinuka kunywa maji. Na mumpe wiki nyingi, maana hizi si za siku mbili. "Lakini asipokula kabisa siku mbili kuanzia leo," akasema, "unamuleta hapa nimuwekee serumu ku mshipa. Amekonda sana, muze. Hatuna nafasi kubwa."

Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili.

Kuhusu kumgusa, sikuhitaji kwenda kuuliza kwa shehe. Nilijua tangu madrasa: mkono mkavu juu ya manyoya makavu, hakuna kinachohama. Ni mate na unyevu ndivyo vya kuosha. Kilichonizuia kwa wiki zote zile kilikuwa mazoea, na mazoea yanajua kuvaa kanzu ya dini. Jioni ile nikakaa chini kwenye sementi, si karibu sana. Nikakaa tu, nikishona. Baadaye nikasogea. Nikapeleka mkono mkavu nyuma ya sikio, lile lililolala, nikakuna. Hakunitazama. Lakini alipumua, pumzi ndefu iliyotoka tumboni, na ubavu wake ukalegea dhidi ya goti langu. Nilikuwa sijaguswa na kiumbe hai kwa namna ile tangu binti aniage pale uwanja wa ndege. Nikanawa, nikaenda kuswali magharibi.

Siku ya kwanza hakula. Asubuhi yake, baada ya swala ya alfajiri, nilimtoa na kumtembeza mpaka mwisho wa barabara yetu tu, akachoka. Mke wangu akachemsha mchuzi wa ndagala, akauacha upoe, akauweka. Robo saa. Tukauondoa. Jioni vile vile.

Siku ya pili nikamtoa tena saa ile ile. Yule mama wa Uvira alikuwa anapanga genge lake. Akachukua ndagala mmoja kwenye rundo, akamvunja kichwa, akakitupa chini mbele ya mbwa bila kumtazama, akaendelea na kazi yake. Mbwa akanusa. Akakichukua kile kichwa cha samaki, akakaa nacho mdomoni kama hakumbuki kinafanyiwa nini. Kisha akatafuna.

"Usimuangalie," mama akaninong'oneza. "Angalia kule. Ongea na mi. Sema bei ya sponji."

Nikasema mambo ya sponji. Akamtupia cha pili, na cha tatu.

Nisikudanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Alikula siku moja, akakataa iliyofuata. Kidonda cha mguu kilifunga, akakilamba, kikafunguka. Lakini miguu ilipata nguvu, na matembezi yakarefuka kuelekea kusini. Asubuhi moja, tulipokaribia Kinanira, alianza kuvuta kamba. Nilijua anakwenda wapi. Ningeweza kumzuia na sikumzuia, na nikikwambia ukweli, mimi pia nilitaka kwenda.

Akanipeleka moja kwa moja mpaka kwenye lile lango la bati. Akakaa. Ndani kulikuwa na watu wengine; nilisikia sufuria, redio ya asubuhi, mtoto anayekataa kuvaa viatu. Pazia dirishani lilikuwa jipya. Mimi na mbwa tukasimama pale kama watu waliofika kwenye karamu siku isiyo yenyewe. Nilikumbuka kwamba katika miaka yote aliyokaa pale, nilimtembelea binti mara tatu, na mara zote nilisimama nje ya lango kwa ajili ya mbwa, yeye ndiye aliyetoka kuniletea chai barabarani. Sikuwahi kuingia kuona jiko lake. Sasa ningeingia.

Mwanamke mmoja akafungua lango, akatushangaa. "Mnatafuta mtu?"

"Apana, mama. Tunapita."

Nikavuta kamba kidogo. Mbwa alichelewa, akageuka mara mbili, kisha akanifuata. Tukashuka Kibenga mpaka ziwani. Kulikuwa kweupe, milima ya Kongo inaonekana mpaka mikunjo yake. Akaingia maji ya miguuni, akanywa, akajikung'uta, na maji yakanirukia kanzu yote. Nikasimama nimetota na nikaona mkia wake umepanda, kidogo, kama mkono wa mtu asiye na hakika kama aliyemwona barabarani ni yule anayemfahamu. Nilikwenda nyumbani kufua kanzu nikiwa na furaha niliyoona aibu kuisema. Tangu siku hiyo tulichukua njia nyingine ya kwenda ziwani, isiyopita kwenye lile lango. Sote wawili hatukulihitaji kila asubuhi.

Miezi mitatu ikapita, na mwingine juu yake. Mbavu zilijaa. Siku moja mzee wa redio alikuja amekunja uso kunilalamikia kwamba mbwa wetu amembwekea mgeni wake mpaka kikombe kimemwagika. Nilimwomba radhi kwa heshima zote, na alipoondoka mke wangu aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akajifuta macho.

Kisha binti akapiga simu. Nikaichukua chumbani, nikafunga mlango, kama tulivyozoea sasa.

"Baba, nyumba tumepata. Lakini hawakubali mbwa. Na hata wakikubali," akasita, "naona nikimuleta, ataanza kuwatafuta ninyi. Mara ya pili ataweza?"

"Sijui, mwanangu."

"Ananikumbuka bado?"

"Sijui hilo pia. Anakula. Jana amembwekea mgeni wa mzee wa redio."

Akacheka, kisha hakucheka. "Basi mumuweke, Baba. Awe wenu."

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia. Alielewa, kama nilivyoelewa mimi, kwamba mtu anayetoa mbwa wake ameifuta pia siku yake ya kurudi. Alfajiri iliyofuata, nilipofungua kamba ukutani, nilimkuta langoni amevaa viatu na amejitanda. Alikuwa hajawahi kutembea na mbwa maishani mwake. Alitembea upande wa pili wa barabara, akituacha mbele kidogo, mpaka ziwani na kurudi, na siku iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Anamtaja binti njiani kuliko anavyomtaja nyumbani. Mimi nasikiliza, na safari hii siachi neno lipite.

Wewe unaye wako, labda amelala sasa hivi mlangoni na mtaa unamsifu. Mpeleke kwanza akapimwe. Daktari akikwambia mwili ni mzima, chagua saa moja unayoweza kuishika hata siku ya mvua. Kesho saa hiyo ikifika, mfunge kamba mtoke, na keshokutwa utoke naye saa ile ile.